Ruger LCP MAX: Risasi 11 Ndani ya Mfuko wa Suruali

Jamani, hii kitu! Bastola yenye uzito wa gramu 300 tu ikiwa tupu, unene wa milimita 21 hivi kwenye slaidi, urefu wa sentimita 13 kutoka mdomo wa mtutu hadi mgongoni, na ndani yake zinakaa risasi 10 kwenye magazini na moja kwenye chemba. Kumi na moja! Si zamani sana mtu aliyetaka bastola ya umbo hili alipewa 6 na moja, akaambiwa ashukuru. Nilipoishika Ruger LCP MAX dukani hapa Texas, niliirudisha kwenye kaunta, nikaichukua tena, nikaigeuza, nikaibana kiganjani, nikaiweka chini, nikaichukua tena. Muuzaji aliniangalia mara moja akajua mwisho wake. Fomu zilitoka kabla sijaziomba.

Wanaofuatilia mambo haya watasema ilitoka mwaka 2021, na ni kweli. Lakini kwa wasomaji wetu wengi hii ni mara ya kwanza kuiangalia kwa karibu, na mimi mwenyewe mikono bado inanuka baruti yake, kwa hiyo niacheni niseme yote nikiwa bado na moto. Neno langu ni hili: kwa zaidi ya miaka 100 bastola ya mfukoni ilikuwa biashara ya kunyang'anywa. Unapewa udogo, unanyang'anywa vilengeo. Unapewa wepesi, unanyang'anywa risasi. Unaibeba bila mtu kujua, lakini siku ya kwenda kupiga shabaha unaiacha nyumbani kwa sababu inaumiza mkono. LCP MAX imerudisha karibu vyote vilivyochukuliwa, na mfuko haujui tofauti.

Ili uelewe kwa nini nashangilia hivi, rudi nyuma kidogo. Risasi inayoliwa na bastola hii, .380, ni kazi ya John Browning, na kampuni ya Colt iliiingiza sokoni mwaka 1908 pamoja na bastola yake ya mfukoni. Ilikuwa nzuri ajabu, laini, bila kona za kukwaruza nguo, lakini ilikuwa chuma kitupu: zaidi ya nusu kilo, na risasi 7 kwenye magazini. Watu waliibeba kwenye mifuko ya makoti mazito. Hali ikabaki hivyo kwa miongo mingi, hadi alipotokea George Kellgren, Mswidi aliyehamia Florida na kuanzisha Kel-Tec. Mwaka 1999 akaleta P-32, fremu yake ya plastiki, nyepesi kupita kiasi. Mwaka 2003 akaleta P-3AT, ambayo iliweza kumeza .380 na bado ikawa chini ya gramu 250. Huyo ndiye aliyefungua mlango. Ruger wakaingia kwa nguvu zote mwaka 2008 na LCP ya kwanza, na mtu yeyote akiziweka hizo mbili mezani anaona zimefanana kiasi gani. Mwaka huohuo Ruger waliziita kiwandani zile za mwanzo kwa sababu zingeweza kufyatuka zikianguka. Wakazirekebisha, na LCP ikaendelea kuuzwa kwa wingi mno. Mwaka 2016 ikaja LCP II yenye triga bora. Kisha, 2021, MAX.

Sasa hapa ndipo penye uhondo. Wamezipangaje risasi 10 mahali palipokuwa pa 6? Katika LCP ya zamani risasi zinasimama safu moja, moja juu ya nyingine. Katika MAX zinapishana kushoto na kulia, kisha pande za magazini zinabanana zikielekea juu ili mdomoni itoke moja tu, sawasawa, mbele ya chemba. Ujanja huu haukuanza leo. Wenzao wa kampuni ya SIG waliutumia kwa ufundi mkubwa kwenye P365 yao mwaka 2018 na kulitikisa soko zima. Kuufanya kwenye umbo la LCP, ambapo kila milimita imeshatumika, ndiko kulikonifanya nikae na magazini mkononi nikiichungulia kwenye mwanga. Mpini umenenepa kidogo. Kidogo kweli. Na unene huo ni baraka: LCP za zamani zilikuwa nyembamba hivi kwamba teke lote lilitua kwenye mstari mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, na baada ya magazini chache ngozi ilianza kulalamika. MAX inajaza kiganja. Teke lipo, lakini linasambaa.

Halafu vilengeo! Jamani, vilengeo! LCP ya kwanza ilikuwa na vijinundu viwili vilivyochongwa kwenye slaidi, vyeusi juu ya cheusi, ambavyo kwenye mwanga hafifu vilikuwa sawa na kutokuwepo. Watengenezaji walijitetea kwamba bastola hii ni ya hatua mbili tatu, nani ana haja ya kulenga? Sikuwahi kuukubali utetezi huo. Anayefyatua risasi anawajibika kwa kila risasi hadi pale itakapotua, na kama kuna mama na mtoto wake nyuma ya mshambuliaji, haja ya kulenga ipo hata hatua ziwe mbili. MAX ina kilengeo cha mbele chenye tritiamu inayowaka yenyewe gizani, kimezungushiwa duara jeupe la kuonekana mchana, na cha nyuma kina mwanya wa umbo la U, mpana, unaokipokea kile cha mbele bila jicho kuhangaika. Niliinyanyua kwenye chumba chenye taa zilizozimwa na ile nukta ikawa palepale nilipoitaka. Kwa sababu hii peke yake ningewashauri wenye LCP ya zamani wafikirie kubadilisha.

Twende uwanjani.

Kuikoki kwanza. Wengi wanadhani bastola ndogo ni rahisi kukoki kwa kuwa ni ndogo, kumbe mara nyingi ni kinyume. Walther PPK, kwa mfano, haina kifungio cha kuunganisha mtutu na slaidi. Slaidi inazuiwa na uzito wake pamoja na springi, basi springi lazima iwe ngumu, na wenye mikono dhaifu wanateseka. LCP MAX inafanya kazi kama bastola kubwa: mtutu na slaidi vimefungamana, vinarudi nyuma pamoja hatua fupi, kisha mtutu unainama na kuiachia slaidi. Mzigo unagawanyika, springi inaweza kuwa laini zaidi. Slaidi ina mikwaruzo ya kushikia nyuma na mbele, na nilimwona dada mmoja kwenye mstari wa jirani, ambaye aliomba kuijaribu, akiikoki mara ya kwanza bila kukunja uso. Ikimaliza risasi, slaidi inabaki wazi nyuma, jambo ambalo LCP ya kwanza haikulifanya: risasi zikiisha, ukawa unabonyeza triga na kupata ukimya.

Triga yenyewe ina kisu kidogo cha usalama katikati. Usipoweka kidole sawasawa haiendi. Unaivuta, inateleza kidogo bila uzito, inagonga ukuta, unakaza, inafyatua. Safi. Si triga ya bastola ya mashindano, lakini kwa kitu cha mfukoni ni tamu, na ukuta ule unaueleza ubongo mahali hasa risasi itakapoondoka. Wapo wanaotaka kifungio cha usalama cha kidole gumba, na Ruger wanatoa toleo lenye hicho. Mimi nimechukua lisilonacho, kwa sababu naibeba ndani ya ala inayofunika triga yote, na nitalirudia jambo la ala hapa chini.

Risasi ya kwanza: paa! Mdomo unaruka juu, mkono unasukumwa, na mara unagundua kwamba haikuumiza. Ya pili. Ya tatu. Kwa mita 3 nilifyatua haraka niwezavyo na matundu yalikaa pamoja katikati ya kifua cha karatasi. Kwa mita 7, nikienda polepole, ningeweza kuyafunika yote kwa kiganja. Nikarudi nyuma hadi mita 15, umbali ambao hakuna mtu mwenye akili anayeununulia bastola hii, na bado nilikuwa naipiga karatasi pale ninapotaka. Nilicheka kwa sauti. Mtutu wa sentimita 7 unafanya hivi! Jirani akaondoa kinga yake ya masikio kidogo kuniuliza nimepiga nini, nikamwonyesha, akatingisha kichwa.

Kidole kidogo cha mwisho ndicho chenye shida. Magazini fupi ikiwa imekaa, kidole hicho hakina pa kushika, kinaning'inia hewani au unakikunja chini ya kitako. Ndani ya boksi kuna kitako cha pili chenye mdomo wa mbele wa kukipumzishia, na nimekifunga. Urefu unaongezeka kidogo mno, udhibiti unaongezeka sana. Pia kaza kifundo cha mkono. Bastola nyepesi hivi inahitaji kitu kigumu cha kusukumana nacho ili slaidi ikamilishe safari yake. Mkono ukilegea, ganda linaweza kubanwa mlangoni. Yangu haikukwama hata mara moja siku hiyo, na nilichanganya risasi za aina kadhaa kwa makusudi.

Na risasi zenyewe? Hapa mabishano ni makali, na nitasema upande wangu waziwazi. Risasi ya .380 ina kipenyo kilekile cha 9 mm ya kawaida, ila ganda lake ni milimita 17 badala ya 19, na nguvu yake ni karibu nusu. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni kile cha FBI: risasi ipenye kati ya sentimita 30 na 46 kwenye jeli ya majaribio. Kwenye mtutu mfupi, .380 yenye tundu kichwani ina tabia ya kuchagua: ama ichanue vizuri na kusimama mapema, ama ipenye vya kutosha bila kuchanua. Kwa hiyo wapo wanaobeba za kichwa kizima zilizovikwa shaba, na hoja yao ninaiheshimu. Mimi nabeba Hornady Critical Defense ya greni 90, kwa kuwa kichwa chake kimezibwa kwa mpira mwekundu unaozuia nguo kuliziba tundu. Lolote utakalochagua, lifyatue la kutosha kwenye bastola yako mwenyewe kabla hujaliamini. Na atakayekuambia .380 ni mchezo wa watoto, muulize kama yuko tayari kusimama mbele yake.

Sasa mfuko. Bastola ya mfukoni bila ala ni hatari tupu, nasema bila kupepesa macho. Ufunguo, sarafu, kalamu, chochote kinaweza kuingia kwenye triga. Ala ya mfukoni inafanya kazi tatu: inafunika triga, inaisimamisha bastola wima ili mpini uwe juu daima, na inavunja umbo lake ili nje ionekane kama pochi. Nimetumia DeSantis Nemesis, ya kitambaa chenye uso wa nje unaong'ang'ania mfuko, hivi kwamba ukichomoa bastola ala inabaki. Mfuko huo hauna kitu kingine. Hata kitambaa cha jasho hakimo. Na unapoirudisha, usiisukume ndani huku ala ikiwa mfukoni: toa ala, weka bastola kwenye ala ukiangalia kwa macho, kisha ingiza vyote pamoja. Nani anakukimbiza wakati huo?

Lakini nimevaa suruali za kazi, za mazoezi, kaptura ya jikoni, na bastola ipo na sijaihisi. Nimeinama kubeba mifuko ya unga, nimekaa kanisani penye ruhusa, nimecheza na watoto wa jirani mpira uani. Hakuna aliyegeuza macho. Huu ndio uzuri wake wote: bastola kubwa ina nguvu zaidi, ina risasi zaidi, inafyatua kwa upole zaidi, na inabaki kabatini kwa sababu leo kuna joto na shati ni jepesi. Hii unaichukua pamoja na funguo za gari.

Pana mahali inapozidiwa, nako ni kiti cha gari. Ukiwa umekaa, umefunga mkanda, kuichomoa mfukoni ni kazi ngumu na ya polepole. Ndugu zetu wanaoendesha malori na teksi, na ni wengi hapa Texas, wajue hilo kabla ya kununua. Na akina mama wakumbuke kwamba dera halina mfuko. Mkanda wa tumboni ndio unaofaa, si mkoba wa begani, maana mkoba unanyakuliwa, unaachwa kwenye kiti, na mtoto anaufungua akitafuta peremende.

Tuzungumzie na sheria, maana shauku isitupofushe. Mwenye kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu anaweza kununua bastola Marekani kama raia. Aliyeko kwa viza ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kununua wala kumiliki, na ingawa sheria ina mianya michache, usiiingie bila wakili, kwa sababu kosa hilo linaweza kukufukuzisha nchini. Dukani utajaza fomu 4473 na jina lako litapitishwa kwenye mfumo wa uchunguzi wa FBI unaofanya kazi tangu 1998. Jaza kweli tupu. Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 inaruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi asiyezuiwa na sheria kubeba bila leseni, lakini nakusihi chukua leseni hata hivyo: darasa lake linakufundisha ni wapi hutakiwi kuwa nayo. Shuleni hapana. Posta hapana. Baa yenye alama nyekundu ya asilimia 51 hapana. Na leseni ya Texas haitambuliki California, New York wala Illinois, kwa hiyo dereva wa masafa marefu asijidanganye. Ukipanda ndege kwenda Nairobi au Dar, iache Marekani. Kenya ina Bodi yake ya Leseni za Silaha, Tanzania ina sheria yake ya 2015, na kibali cha Texas huko ni karatasi tu.

Jeff Cooper, aliyeanzisha shule ya Gunsite huko Arizona mwaka 1976, alifundisha kanuni nne ambazo bado zinatosha: kila bunduki ihesabu kuwa ina risasi, usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiangamiza, kidole nje ya triga hadi vilengeo viwe kwenye shabaha, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Udogo wa LCP MAX unazifanya kanuni hizi kuwa ngumu zaidi, kwa sababu mtutu mfupi unageuka upande wowote kwa msogeo mdogo wa kiganja. Nyumbani ikae kwenye kijisanduku cha chuma chenye kufuli. Na kama ndani ya nyumba kuna mtu ambaye moyo wake umeingia giza, itoke ikae kwingine hadi apone. Zaidi ya nusu ya vifo vya risasi Marekani ni vya watu kujiua, na nasema hivi kama mtu anayezipenda bastola.

Wapinzani wapo. Smith & Wesson Bodyguard 2.0 ya 2024 ni nyepesi kidogo zaidi, triga yake ni bapa na laini kuliko ya Ruger, nakiri hivyo bila shida, na inakuja na magazini ya 10 na ya 12 ndani ya boksi. Ukiweza kuzijaribu zote mbili siku moja, fanya hivyo. P365 ya SIG inakupa 9 mm kamili, lakini ina uzito wa zaidi ya gramu 500, na ukiiweka kwenye mfuko wa suruali nyepesi, suruali inakwambia. Mimi bado nachagua MAX kwa ajili ya kile kilengeo cha mbele, kwa jinsi mpini unavyonijaa, na kwa sababu bei ya orodha ilipotoka ilikuwa dola 449, na madukani nimeikuta chini ya hapo.

Ruger wanauza pia magazini ya risasi 12, ndefu kidogo, yenye nafasi kamili ya kidole cha mwisho. Nimeshaagiza. Kwenye bastola itabaki ile fupi, na hiyo ndefu itakaa mfuko wa kushoto kama akiba, peke yake. Ikifika tu, narudi uwanjani nayo.